Kisa nina pensheni ndo nilipwe pungufu? Madereva wastaafu wa magari ya shule tunaonewa

Wakuu salaam. Nimevumilia tangu mwaka jana mwezi wa tatu ila leo imenifika hapa kooni, mnisamehe nikiandika vibaya nina hasira.

Nimeendesha gari za serikali miaka 31, namba STK, Songea kwenye mvua, Dodoma usiku, sijawahi kulaza gari wala kugonga mtu. Nikastaafu Julai 2023 nikiwa na miaka 60, mkupuo (ile hela ya mara moja ukistaafu) kipindi hicho ni asilimia 33 ya mafao. Nilichopata nikamalizia nyumba na ada ya mtoto wa mwisho, pensheni ya mwezi ukishatoa dawa za presha za mke wangu na chakula hamna kitu. Ndo nikarudi barabarani, shule moja ya binafsi huku Goba, Dar, Koasta ya siti 29.

Kijana aliyekuwepo kabla yangu alikuwa analipwa laki nne. Mimi nikaambiwa laki mbili na themanini, nikauliza mbona hivi, meneja akanijibu "mzee wangu wewe si una pensheni, hii ni ya kujishikiza tu". Hiyo kauli inaniuma mpaka leo. Pensheni nimekatwa kwenye jasho langu miaka yote hiyo, yeye inamhusu nini? Gari ni ileile, ruti ileile, kozi ya PSV (ya kubeba abiria) nimesoma pale chuo cha usafirishaji NIT Mabibo kama wenzangu, na watoto ninaobeba ni walewale.

Naamka saa tisa usiku, saa kumi na nusu nishawasha gari, mtoto wa kwanza nampakia saa kumi na moja kasoro anapanda amefumba macho, kuna mmoja wa chekechea hapandi ngazi mpaka nishuke nimshike mkono. Wa mwisho jioni namshusha saa kumi na mbili na kitu. Mchana mnadhani napumzika? Natumwa sokoni kubeba mchele na maharage ya shule, natumwa benki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa 9 kwa siku, likizo siku 28 kwa mwaka yenye malipo, na mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi. Sijaona pale mahali palipoandikwa mstaafu hahesabiwi. Mimi sina hata karatasi moja, na shule zikifungwa Juni na Desemba silipwi hata mia.

Faini ndo usiseme. Siti 29 wanapanga watoto 43, watatu watatu na wengine wamesimama, trafiki akisimamisha anaandika elfu 30 kwenye leseni yangu mimi, nikipeleka ofisini naambiwa "dereva mzoefu unakamatwaje". Tairi za nyuma zimebaki vipara, nimesema mara nne, naambiwa subiri ada zilipwe.

Sasa ya juzi. Alhamisi mvua imepiga usiku kucha, kuna sehemu barabara ya vumbi inakata korongo hamna daraja, nafika nina watoto 17 ndani, maji ya tope yanapita juu ya barabara sioni kingo iko wapi. Nikasimama. Matroni ananiambia kuna kigari kimepita sasa hivi, nikamwambia dada mi sipiti. Tulikaa pale saa nzima na dakika 40 mpaka maji yakashuka, simu ya meneja inaita haikatiki, baba mmoja kwenye grupu la wazazi anaandika mtoto wake anakosa mtihani. Tukafika saa tatu, watoto wote wakavu.

Ijumaa naitwa ofisini nimekatwa elfu 20 kwa kuchelewesha wanafunzi, na nikaambiwa mbele ya matroni kwamba ule ni uoga wa uzee. Nilitetemeka wakuu. Aprili 2024 kule Arusha gari la shule lilisombwa na maji korongoni asubuhi kama hiyo hiyo na watoto wamo ndani, kadhaa wakafa, nchi nzima ililia. Huyu meneja naye alilia, nakumbuka aliweka mshumaa kwenye status. Leo mtu aliyegoma kuingia kwenye maji anakatwa hela? Mlinichukua kwa sababu nina miaka 31 ya usukani, hiyo miaka ndo ilinikanyagisha breki pale!

Na Jumatatu kuna karatasi wanataka tusaini, eti faini zote na uharibifu wowote wa gari ni juu ya dereva. Mkataba wa kazi hawana muda wa kuandika ila hiyo wameichapa haraka.

Sisaini. Naomba aliyewahi kupeleka mwajiri CMA (ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi) bila mkataba wa maandishi aniambie alianzia wapi na alibeba ushahidi gani, mi nina meseji za mshahara kwenye simu na daftari la ruti nililoandika kwa mkono wangu kila siku.