Bethlehem, Pennsylvania: mji wa chuma umeamka kweli au ni picha tu?

Mwana_Tukuyu:
Wakuu habari zenu, wife kapata kazi ya unesi Bethlehem pale Pennsylvania, tunahama na watoto mwezi wa nane. Jina la huo mji nalijua tangu mdogo maana waanzilishi wake ni Wamoraviani, 1741, ndo haohao kanisa lao lilifika kwetu Rungwe 1891, nikajua ni mji wa kanisa, kumbe ulikuwa wa chuma na kiwanda kilishakufa. Mliopo huko, kuna maisha au ni magofu tu kando ya mto?

Dereva_wa_Lehigh:
Karibu sana kaka. Magofu yapo na ndo yanayoleta watu. Matanuru 5 bado yamesimama pale mto Lehigh, kazi ya kuyeyusha iliisha Novemba 1995, badala ya kuyabomoa yote wakauze skrepa, 2011 wakafungua hapo eneo la burudani linaitwa SteelStacks, muziki unapigwa chini ya matanuru na usiku yanawashwa taa za rangi. Ile reli ya juu iliyokuwa inapeleka mawe ya chuma na chokaa, tangu 2015 ni njia ya kutembea, bure kabisa, peleka watoto. Mimi siku ya kwanza nilisimama pale nikashindwa hata kupiga picha.

MamaTunu:
Pazuri ni kweli, ila tumwambie na habari ya kazi. Kwenye eneo la kiwanda sasa kuna kasino tangu 2009, na mashariki yake ni maghala tu ya mizigo, mimi nafanya kazi ghala mojawapo, nikirudi nyumbani miguu inawaka moto. Jirani yangu mzee kafanya chuma miaka 30, mshahara wake peke yake ulijenga nyumba ukasomesha watoto wanne. Kampuni yao, Bethlehem Steel, ikafilisika 2001, Machi 2003 wastaafu na familia zao, watu kama 95,000, wakafutiwa bima ya afya, yeye wakati huo mkewe anaumwa. Nilimwomba twende naye kule kwenye reli ya juu akanionyesha kila mtambo na jina la aliyekuwa anausimamia, ila kwenye muziki haendi.

Dereva_wa_Lehigh:
Hapo dada umesema kweli, hela ya wazee haijarudi. Kaka, mtaa wa kale wa Wamoraviani uko ng'ambo ya mto, 2024 umeingia urithi wa dunia wa UNESCO, na kanisa bado linasali.

Mwana_Tukuyu:
Asanteni sana. Mama Tunu, tukifika naomba unipeleke kwa huyo mzee nimsalimie.