Naomba ushauri: kuandika hadithi kila siku bila kupanga

Habari zenu wadau. Nataka nizoee kuandika kipande cha hadithi kila siku, papo kwa papo, bila kupanga visa kwanza. Kuanza hakunisumbui: nikitega dakika 15 na neno moja tu, mfano "ufunguo", mhusika anajitokeza mwenyewe, anafungua mlango usio wake. Shida ni aya ya tatu. Hapo narudi juu kusahihisha, nafuta, nafuta tena, muda unaisha jamaa bado kasimama mlangoni. Daftari linasaidia kiasi, maana kalamu haifutiki kirahisi (ila mwandiko wangu, mh!). Wenye uzoefu, mnajizuiaje kuhariri mkiwa bado mnaandika? Na siku ukikwama, unaendeleza ya jana au unaanza mpya?