Naomba ushauri: ndege wa bahari kuu wakati wa kusi, Mombasa

Hamjambo wenzangu. Mimi nakaa Likoni. Kusi likikaza, siku zile wavuvi wenye vidau hawathubutu kutoka, huvuka kwa feri nikaenda bustani ya Mama Ngina, ng'ambo kisiwani, kutazama ndege wanaosukumwa na upepo karibu na pwani. Nawapenda mno. Ndege ambaye nchi kavu haimwoni ila wakati wa kutaga, leo yuko mbele yangu juu ya mawimbi!

Shakwe na membe wa kawaida nawajua. Wanaonishinda ni wale weusiweusi wanaoruka chini kabisa, mbawa zimenyooka, wanateleza baina ya mawimbi na kupotea, kisha wanaibuka mbali. Membe mweusi mgongoni ana tumbo jeupe, huyo simkosei. Lakini hawa ni kahawia mwili mzima. Nitazame nini kwanza: umbo la mkia, au namna ya kupiga mbawa?

Asubuhi jua linachomoza baharini, naona vivuli tu, kwa hiyo naenda alasiri. Darubini yangu ni ya 8x42, na rasharasha za chumvi zinaichafua haraka. Mnaisafishaje bila kukwaruza vioo?

Tena, pale ndipo meli zinapoingilia bandari ya Kilindini. Yafaa nizungumze na walinzi kabla sijatoa darubini?

Na mwezi wa 10, ndege wageni wa Ulaya na Asia wakishafika, mwaona bora nibaki hapa au niende mlango wa mto Sabaki, kule Malindi? Wajuzi wa Malindi, nisaidieni.