Mjadala: Aliyekuonea shuleni, umwanike mtandaoni miaka mingi baadaye?

Mleta mada:

Wadau, kuna aina ya riwaya za kusisimua inayonikosesha usingizi. Mtu mzima, ana kazi na watoto, anapokea ujumbe kwenye simu kutoka kwa mtu aliyesoma naye, na jambo walilolizika shuleni linaanza kufukuliwa. Nimemaliza nyingine jana, na swali lililonibaki kichwani si la riwaya tena. Je, aliyeonewa ana haki ya kumwanika aliyemwonea, kwa jina na picha, baada ya miaka yote hiyo?

Tusidhani ni mambo ya kubuni. Februari 2021 huko Korea Kusini, dada wawili pacha, nyota wa voliboli, walituhumiwa mtandaoni na wenzao wa zamani kwamba waliwatesa walipokuwa shuleni. Wakaandika barua za kuomba radhi. Ndani ya siku chache klabu ikawasimamisha na timu ya taifa ikawafungia mlango. Mwezi huohuo Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ikaibakiza sheria inayoweza kumwadhibu mtu kwa kumvunjia mwenzake heshima hata kama alichosema ni kweli.

Mimi nasema asimulie, tena asipunguze neno. Lakini litangulie kutajwa jina la shule, si la mtu aliyekuwa na miaka 13. Siri ya shule huzikwa na mtu mzima aliyepokea malalamiko, akasema "hayo ni utoto tu", akafunga faili. Mwaka huohuo wa 2021, Uingereza, maelfu ya watu walisimulia udhalilishaji wa kijinsia kwenye tovuti ya Everyone's Invited. Shule zilitajwa, watuhumiwa hawakutajwa. Serikali ikaagiza uchunguzi. Wakaguzi wa Ofsted, idara ya ukaguzi wa shule huko, wakafika shule na vyuo 32, wakaongea na wanafunzi zaidi ya 900, na Juni ripoti ikatoka. Hayo yalipatikana bila kumwanika mtu.

Mchangiaji wa kwanza:

Nakuheshimu, mleta mada, ila hapo kwenye jina la shule sikubaliani nawe kabisa. Shule haikunishika miguu. Alinishika yeye, huku anacheka. Leo mtandao wenyewe unaniletea sura yake: huenda mnafahamiana. Nimeiondoa mara tatu, inarudi. Anaandika kuhusu malezi bora na watu wanampongeza. Halafu unataka mimi nitaje jengo?

Mchangiaji wa pili:

Pole sana, ndugu yangu. Ila kuna watu wanaofanana majina. Umati ukimvamia asiyehusika, nani atamsafisha? Ulaya, tangu hukumu ya 2014 katika kesi iliyoihusu Google ya Uhispania, mtu anaweza kuomba kurasa fulani zisitokee jina lake linapotafutwa. Picha iliyokwisha kuingia kwenye simu za watu haifikiwi na hukumu hiyo.

Mleta mada:

Kwako uliyeshikwa miguu: neno "jengo" limenichoma. Nilikosea kulipanga jambo hili kama foleni, kana kwamba akitangulia kutajwa mmoja, mwingine ananusurika. Umati bado unanitisha, na hoja ya majina kufanana sijapata jibu lake. Lakini mtu anayewafundisha wengine malezi hadharani amejiweka mwenyewe mbele ya watu, na hapo sioni tena kwamba umri wake wa wakati ule unamkinga.

Naomba nikuulize mawili, na ukiona vigumu usijibu. Ungeweza kumwandikia yeye kwanza, faraghani, au kwako huko ni kumpa nafasi ya kukutisha upya? Na mwalimu wa zamu siku ile, alijua?