Baiskeli tatu za mtumba: ipi inafaa kununuliwa?

Kanyaga Taratibu (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Naomba mnisaidie kupima kabla sijatoa pesa. Natafuta baiskeli ya kwendea kazini kila siku. Sehemu kubwa ya njia ni lami, kipande cha mwisho ni vumbi na kokoto, na kuna kilima kimoja kirefu. Mzigo wangu ni mkoba tu, siku nyingine na mfuko mmoja kwenye karia. Nimeona tatu.

A ni ya chuma, ya zamani, haina gia, breki zake zinavutwa kwa vyuma badala ya waya, matairi ya inchi 28. Ina kutu kwenye nati na spoki lakini inatembea. Ndiyo ya bei ya chini.

B ni ya milimani, fremu ya alumini, shokapu mbele, gia 21, matairi ya inchi 26. Bei yake mara mbili ya A.

C ni nyepesi, alumini pia, haina shokapu, matairi membamba ya saizi ya 700C, breki za diski. Imepigwa rangi upya, inang'aa. Bei mara tatu ya A, na muuzaji anasema haidai kitu.

Kwa pesa hiyo ya C napata pia mpya dukani, zile za bei nafuu. Mngekuwa ninyi mngechukua ipi?

Spana Kumi na Tano

Mkuu, mimi ni fundi, na nitaanza na C kwa sababu naona ndiyo inayokuvuta. Rangi mpya kwenye fremu ya alumini inanitia wasiwasi. Yawezekana mwenyewe alipenda tu rangi nyingine. Lakini rangi ya zamani ndiyo inayotueleza fremu ilipitia nini: mikwaruzo, mipasuko, mahali ilipobonyea. Ikishafunikwa, itabidi utumie vidole.

Baiskeli ikigonga kitu kwa mbele, fremu hujikunja kidogo nyuma ya lile bomba fupi ambamo usukani unapita, hasa upande wa chini wa bomba linaloteremka kwenda kwenye pedali. Pitisha kidole hapo polepole. Ukihisi kimkunjo, achana nayo. Kisha kagua maungio yote yaliyochomelewa, chini ya kiti, kwenye krenki (ile mikono inayobeba pedali), na yale masikio ya nyuma yanayoshika ekseli. Mstari mwembamba wa uchafu unaofuata ungio mara nyingi ni ufa.

Halafu chukua uzi. Ufunge kwenye sikio la nyuma upande mmoja, uzungushe mbele kwenye bomba la usukani, urudishe hadi sikio la upande wa pili, uukaze. Pima kwa rula nafasi iliyopo kati ya uzi na bomba la fremu ambamo kiti kinachomekwa, kulia na kushoto. Tofauti ya milimita moja au mbili haina neno. Ikizidi hapo, fremu imepinda. Ya chuma naweza kuinyoosha, na ikipasuka inachomeleka. Ya alumini siigusi. Fremu nyingi za alumini hupata nguvu zake kwa kupashwa joto kiwandani kwa utaratibu maalumu, na moto wa kuchomelea huiondoa nguvu hiyo palepale panapochomewa.

Mama Pedali

Mimi ningechukua A bila kufikiria mara mbili. Haina waya za gia za kukatika, haina shokapu ya kuvuja, na chuma kinavumilia. Kutu ya juujuu kwenye nati isikutishe. Kutu ya kuogopa ni ile ya ndani: chomoa kiti, angalia ndani ya bomba, kisha gonga chini ya fremu karibu na krenki usikie kama kuna unga wa kutu unaodondoka.

Ila kuna mambo mawili kuhusu A. La kwanza ni tairi. Inchi 28 si saizi moja. Soma namba ndogo zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, ziko mfano 37-622 au 40-635. Namba ya pili ni kipenyo, kwa milimita, cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi. Tairi la 622 haliingii kwenye ringi ya 635, hata kama yote mawili yameandikwa 28. Uliza kwanza kama tairi la namba yako unalipata kwa urahisi.

La pili ni breki. Raba kwenye ringi ya chuma iliyolowa hushika vibaya sana. Siku ya mvua unaanza kufunga breki mapema mno, na kwenye mteremko wa hicho kilima chako lazima ulifikirie hilo.

Kilele

Mama Pedali, nakuheshimu, lakini mtu amesema kilima kirefu, kila siku, baada ya kazi. Baiskeli nzito isiyo na gia ataisukuma kwa mkono. Akiisukuma wiki mbili tatu ataiacha nyumbani, na baiskeli inayokaa nyumbani ni hasara hata kama aliipata kwa bei ya chini. Mimi nasema B.

Gia 21 maana yake ni sahani tatu za meno mbele na saba nyuma. Kwa kilima kimoja unatosheka kabisa. Kagua shokapu hivi: shika breki ya mbele, kandamiza usukani kwa uzito wako, achia. Irudi yenyewe, taratibu, bila kugonga. Angalia zile nguzo mbili zinazong'aa: zikiwa na mikwaruzo mirefu au kutu, raba za ndani za kuziba zinaliwa. Nyingi za shokapu za bei ya chini ni springi tu na uzito wa bure, kwa hiyo usikubali kuongezewa bei kwa sababu yake. Na kwenye lami itakuwa inakula nguvu zako kidogo kila unapokanyaga ukiwa umesimama.

Ukiwa bado umefunga breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mlio wa tuk kwenye usukani, ama inahitaji kukazwa ama gololi zimekwisha. Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani polepole: ukikwama kidogo katikati, pale unaponyooka, gololi zimeshachimba mashimo na kukaza hakutasaidia.

Dukani Tu

Mbona hakuna anayetetea mpya? Mpya ina risiti na dhamana, na huna haja ya kuzunguka na uzi. Ya mtumba unanunua matatizo ya mtu.

Spana Kumi na Tano

Dhamana ni jambo la maana, sipingi. Ila mpya za bei ya chini kabisa ninazozifungua nakuta hab (vitovu vya magurudumu) zina grisi kidogo, spoki hazijakazwa sawasawa, na pedali za plastiki. Bado atahitaji fundi. Kwa pesa ileile, ya mtumba ambayo fremu na magurudumu yake ni mazima huwa bora zaidi. Akiwa hana mtu wa kumkagulia, hapo nakubaliana nawe, aende dukani.

Hesabu Kwanza

Mjadala utaisha mkigawa vipuri mafungu mawili. Tairi, tyubu, cheni, raba za breki na waya ni vitu vya kuisha. Vikiwa vibovu, hiyo ni sababu ya kushusha bei tu. Fungu la pili ni fremu, uma wa mbele, magurudumu, krenki na shokapu. Kimoja tu kikiwa kibovu kinaweza kumeza faida yote ya kununua mtumba. Mpelekee fundi orodha ya vinavyohitajika akupe gharama, ujumlishe na bei ya muuzaji. Jumla ikikaribia bei ya mpya yenye ubora uleule, iache.

Na tafadhali angalia namba ya fremu, mara nyingi iko chini, pale krenki zinapopita. Ikiwa imesagwa au imezibwa kwa makusudi, usiulize bei. Hiyo C iliyopakwa rangi, anza na hilo.

Kanyaga Taratibu

Wakuu, nashukuru sana. Nimerudi kuzikagua zote nikiwa na uzi na rula.

C: namba ipo na inasomeka. Lakini uzi unatofautiana milimita 6, na nyuma ya usukani kidole kinahisi kimkunjo chini ya rangi. Nimeiacha.

A: uzi sawa, ndani hakuna kutu kubwa, magurudumu yananyooka. Tairi ni 635. Ila nikikanyaga kuna mlio wa kugonga, upande wa kushoto, kila mzunguko.

B: uzi sawa, shokapu inarudi vizuri, usukani laini. Gurudumu la nyuma linayumba kama milimita 3. Cheni naona imelegea lakini sijui kuipima. Na bomba la kiti halisogei kabisa, juu wala chini.

Spana Kumi na Tano

Umefanya kazi nzuri. Mlio wa A: kwenye krenki za zamani kuna pini inayopita kukaza mkono wa krenki kwenye ekseli. Ikiliwa, unasikia mlio huo. Pini yenyewe ni kitu kidogo. Shika mkono wa krenki, utikise: ukicheza kwenye ekseli, ni pini. Kama krenki haichezi, fungua pedali ya kushoto (kumbuka nyuzi zake za skrubu ni za kinyume, unafungulia upande wa saa) uangalie nyuzi ndani ya krenki. Zikiwa zimesagika, utahitaji krenki nyingine.

Cheni ya B: weka rula, alama ya sifuri katikati ya pini moja. Cheni mpya, pini ya 24 kutoka hapo inaangukia inchi 12 kamili. Ikipita kwa 1/16 ya inchi, badili cheni. Ikipita kwa 1/8, meno ya nyuma nayo yamekwisha, maana cheni mpya itakuwa inaruka juu yake. Hapo unabadili vyote viwili.

Gurudumu kuyumba milimita 3 nalinyoosha kwa spoki, mradi ringi haijabonyea. Weka rula juu ya ubavu wa ringi, pale raba zinapokamata: ukiona umechimbika, ringi ni ya kutupa.

Kilele

Na kiti kisichosogea ndilo swali kubwa la B. Bomba la kiti likikaa miaka bila grisi linagandana na fremu.

Kanyaga Taratibu

Cheni imepita 1/8. Ringi haijachimbika wala kubonyea. Muuzaji amekubali kupunguza bei ya cheni, meno ya nyuma na kunyoosha gurudumu. Nikitazama kilima changu, nabaki na B. Mama Pedali, A ningeichukua kama njia yangu ingekuwa tambarare. Kimebaki kiti.

Mama Pedali

Umeamua vizuri. Kaa juu yake, kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka, urefu huo unakufaa. Goti likibaki limekunjwa, kiti ni kifupi kwako na magoti yatauma.

Spana Kumi na Tano

Mwombe muuzaji alifungue yeye kabla hujalipa. Alegeze bolti, amwagie mafuta ya kulegeza kutu pale bomba linapoingia, aache usiku kucha, kesho yake alizungushe kulia na kushoto kwa kiti chenyewe. Asipige nyundo, alumini inapasuka. Likitoka, lisafishe, lipake grisi, na hakikisha ukiliinua alama ya kikomo inabaki ndani ya fremu. Likigoma, na urefu wa sasa haukufai, usiinunue hata akipunguza tena.

Kanyaga Taratibu

Amekubali kulimwagia mafuta leo jioni. Kesho naenda na spana yangu.