Lenzi ya babu: nipige tupa au niiache kama ilivyo?

kabwe_picha
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Mi niko Mbeya mjini, napiga sendoff, kipaimara, na nikiwa sina kazi naenda zangu Kitulo kupiga maua. Sasa juzi tulikuwa Tukuyu arobaini ya babu, yule mzee alikuwa na studio ndogo enzi za filamu, shangazi akanikabidhi kopo la bati ndani kuna lenzi moja, Nikkor-S Auto 50mm f/1.4, imeandikwa Nippon Kogaku (jina la zamani la Nikon), chuma tupu nzito balaa, pete ya fokasi ina mpira mweusi umeanza kunata. Kamera yenyewe iliibwa zamani.

Shida yangu natumia kamera ya Nikon D7100. Kuna fundi nimempelekea kaiangalia tu akasema ukiifunga ilivyo inavunja kile kidole kwenye mdomo wa kamera, dawa yake apige tupa nyuma ya pete ya apecha (ile ya kupanua na kubana tundu la mwanga), dakika 20, elfu 15. Nikamwambia baba mdogo, aisee alikuja juu, eti mali ya mzee haipigwi tupa, ikae kabatini. Mi naona jembe la kuning'iniza ukutani halina maana ila naogopa na laana za ukoo 😂 Alafu ndani pembeni kuna kitu kama uzi wa buibui. Mnanishaurije? Nawasilisha.

MzeeWaNegativu
Marahaba. Kamwene kutoka Iringa.
Usikate. Fundi wako hajakudanganya kuhusu kidole, hizo ni za kabla ya 1977, Nikon walikuwa hawajaleta mfumo wa AI, ule wa pete kuiambia kamera apecha uliyoweka (sio hii AI inayowaandikia wanafunzi insha), ukingo wa pete unatokeza nyuma unakigonga kidole cha bodi mpya. Lakini kilichokatwa hakirudi. Kamera utabadilisha hata mara tano maisha yako, hiyo lenzi ndiyo hiyo hiyo.
Halafu mpira umetoka wapi? Nikkor-S pete ya fokasi ni chuma chenye mabonde mabonde, mpira haukuwepo. Hebu chunguza.

fundisaa
Mzee shikamoo, heshima yako ila hapo tubishane kidogo. Nikon wenyewe walipoleta AI walikuwa wanapokea lenzi za zamani wanazibadilisha pete zisome kwenye bodi mpya, kwa hiyo sio dhambi. Na 50mm f/1.4 zilitengenezwa nyingi mno, sio dhahabu hiyo.

Kinachonitisha mimi ni hizo dakika 20. Mtu akikwambia dakika 20 maana yake anapiga tupa lenzi ikiwa nzima nzima, chengachenga za aluminiamu zinaingia kwenye nyuzi za fokasi na kwenye mapanga ya apecha, nishaletewa moja hivyo, ukizungusha inakwaruza kama sufuria yenye mchanga, nimeosha mara tatu haijawahi kuwa sawa. Inavyotakiwa pete inavuliwa kabisa, inapigwa tupa peke yake mezani, inaoshwa, ndo inarudi. Na mahali ukingo unapoanzia panapimwa, f/1.4 na f/2 hazilingani, ukikosea hapo D7100 itakusomea mwanga wa uongo hata ukiingiza 50mm na f/1.4 kwenye menyu. Na bisibisi ziwe zile za Kijapani, nyota ya kawaida inakula vichwa vya skrubu, lenzi za zamani karibu zote zilizoharibika vichwa ni kosa hilo hilo. Kama huna mtu wa hivyo basi muunge mkono baba mdogo.

dada_mafinga
Mnabishana tupa wakati mgonjwa ana fangasi?? Huo uzi wa buibui ni fangasi, Tukuyu mvua mwaka mzima kopo la bati limefungwa, ulitegemea nini. Sisi huku Mafinga ukungu unaingia mpaka kabatini nishapoteza mbili. Inakula koting kwanza, ule utando juu ya kioo, ukichelewa inakwenda kwenye kioo chenyewe, hapo hata ukiifuta alama inabaki. Itenge na lenzi zako nyingine leo leo. Sanduku la plastiki la vyakula lenye mfuniko mkali, tia vile vipakti vya silika vya kwenye maboksi ya viatu, usiirudishe kabatini baba mdogo anisamehe.

Na kukata wala hakuna haja. Bodi ndogo kama D3100 au D5200 hazina hicho kidole, unaifunga ilivyo, unatumia M (kila kitu unapanga mwenyewe), kamera haikupimii mwanga ila unaangalia histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, maisha yanaendelea. Au siku ukihamia kamera za mirrorless unanunua adapta, haina lenzi ndani ni bomba tu, kwa sababu Nikon ya zamani lenzi inakaa mm 46.5 kutoka kwenye sensa na hizo mpya za Nikon Z ni 16, Sony 18, nafasi ipo ya kumwaga. Mi nina lenzi ya Helios 44-2 ya Mrusi natumia hivyo hivyo, ile ndo nimeifanyia vituko vyote nimegeuza mpaka kioo cha mbele ili nyuma ya picha izunguke zaidi, ila nilinunua mwenyewe, hakuna shangazi wa kuniuliza.

kabwe_picha
Ndaga fijo wakuu. Nimerudi na umbea.
Mzee wa Iringa ulivyouliza mpira nikaubandua kidogo kwa ukucha, ni tyubu ya baiskeli! Imekatwa kwa mkasi, imegundishwa, kwa ndani unaona hadi alama ya kiraka. Nimempigia shangazi anacheka, anasema babu alikuwa analalamika asubuhi za baridi chuma kinamng'ata vidole, siku moja akachukua tyubu ya baiskeli ya bibi, walinuniana wiki nzima. Kwa hiyo hii "orijino" mwenyewe alishaikorofisha zamani.

Nikaenda kwa baba mdogo na ushahidi, nikajua hapa nimeshinda. Anasema sasa hata huo mpira usiguswe.

fundisaa
😂😂😂

MzeeWaNegativu
Baba mdogo yuko sawa. Gundi tu ndo inanata, futa kingo kwa spiriti kidogo na pamba, isiingie chini ya pete.

kabwe_picha
Sawa mzee. Tupa nimeachana nayo. Fundisaa fangasi unatoa? Niko tayari kuileta mwenyewe sitaki kutuma kwa basi. Na mwenye D3100 isiyo na mambo mengi, hata kama flashi imekufa, aje inboksi, nina laki mbili na nusu na nusu yake ni ya sendoff ya Jumamosi ambayo sijalipwa bado.

dada_mafinga
Iko kwenye sanduku la plastiki lakini?

kabwe_picha
Naenda kuhamisha ugali sasa hivi.