Chembe nano za chuma kwenye MRI: zinaonyesha saratani na Alzheimer kweli?

MwambaoCapripoint
Wakuu, habari za jioni. Kwenye makundi ya WhatsApp hapa Mwanza unazunguka ujumbe kwamba ipo sindano ya chembe nano za chuma: ukichomwa kisha ukaingia MRI (mashine ya kupiga picha za mwili kwa sumaku), inaonyesha saratani hata ikiwa ndogo kama punje ya ulezi, na Alzheimer miaka kumi kabla mtu hajaanza kusahau. Watu wa Ukerewe na Sengerema wanauliza kama wauze ng'ombe wawalete wazee wao. Kipi kati ya hayo kinatumika kwa wagonjwa kweli? Kwa nini ubongo uwe tofauti na saratani? Na mzee anayesahau aanzie wapi?

Fizikia_Nyakato
Mkuu, kwenye saratani ujumbe huo una ukweli ndani yake. Kwenye ubongo umetiwa chumvi.

Kila kitu kinaamuliwa na ukubwa. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chembe iliyo chini ya nanomita 6 hivi hupita kwenye figo na kutoka na mkojo, kama dagaa anavyopita kwenye nyavu za sangara. Iliyozidi 200 hunaswa upesi na ini na bandama. Za katikati huzunguka kwenye damu kwa saa nyingi, lakini nazo mwisho humezwa na seli walaji za ini, bandama, uboho na tezi za limfu. Kwa hiyo chembe hizi za chuma haziendi kutafuta saratani. Zinakwenda wanakozipeleka wafagizi wa mwili, na msomaji wa picha anatafuta mahali ambapo hazikufika.

Tezi ya limfu iliyo nzima imejaa seli walaji. Inakunywa chuma na kugeuka nyeusi kwenye picha ya T2*, aina ya picha ya MRI inayoonyesha penye chuma kuwa peusi. Sehemu iliyoingiwa na saratani haina seli hizo, inabaki angavu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kwa wagonjwa 80 wa saratani ya tezi dume ulitumia chembe ziitwazo ferumoxtran-10: MRI ya kawaida ilinasa asilimia 35.4 ya tezi za limfu zenye saratani, yenye chuma ikanasa 90.5. Dozi ilikuwa miligramu 2.6 za chuma kwa kilo ya uzito, na picha hupigwa saa 24 hadi 36 baadaye. Ukiharakisha, chuma bado kiko kwenye mishipa. Tezi nzima na tezi mbovu zinafanana, na umepoteza dozi.

Kwenye ini kanuni ni hiyo hiyo, ila kanda yetu ina kichocho cha tumbo. Makovu ya ini hayanywi chuma, hivyo nayo hubaki angavu na yanaweza kudhaniwa uvimbe. Historia ya kichocho iandikwe kwenye fomu ya kipimo, isiachwe kichwani mwa mgonjwa.

Matumizi ninayoyaona yanafaa zaidi kwa mikoa iliyo mbali na Dar es Salaam ni ya saratani ya matiti. Daktari mpasuaji anahitaji kujua tezi ya kwapa inayopokea maji ya titi kwanza. Njia ya zamani hutumia teknetiamu-99m, dawa yenye mionzi, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila saa 6. Chuma hakiozi hivyo. Chupa inakaa kabatini. Huchomwa mililita 2 kwenye titi, linakandwa dakika 5, wanasubiri angalau dakika 20, kisha kipima sumaku cha mkono huitafuta tezi. Kinachoharibu kazi ni vyuma: koleo na vishikio vya chuma vikiwa karibu, kipimo kinapiga kelele kwa ajili yavyo, hivyo hutumika vishikio vya plastiki. Mgonjwa aambiwe mapema pia kwamba ngozi inaweza kubaki na doa la kahawia kwa miezi, na kwamba MRI ya titi hilo baadaye itakuwa na giza pale palipochomwa.

Dkt_Igoma
Naongezea upande wa ubongo. Bandiko la amiloidi (protini inayoganda kwenye ubongo wa mwenye Alzheimer) lina upana wa mikroni 50 hivi, yaani sehemu 50 za elfu za milimita. Kisanduku kimoja cha picha ya kawaida ya MRI kina milimita 1 kila upande, kwa hiyo mabandiko 20 yanapangika kwenye upande mmoja, na 8,000 yanajaa kisanduku chote. MRI ya hospitali hailioni bandiko. Kuliwekea chembe nano ya kulitia alama kunahitaji kuvuka kizuizi kati ya damu na ubongo, na hapo chembe nyingi hukwama. Kazi hiyo imefanyika zaidi kwa panya. Asiuze mtu ng'ombe kwa ajili hiyo.

Mzee anayesahau aanze na vipimo vya damu: vitamini B12, homoni ya tezi ya shingo, sukari, sodiamu, VVU na kaswende. Kagua dawa anazomeza. Piriton na amitriptilini huvuruga kumbukumbu za wazee. Kama alianguka majuma ya karibuni, CT (picha ya eksirei inayoundwa na kompyuta) bila kontrasti, yaani dawa ya kung'arisha picha, inatosha kuonyesha damu iliyovilia kati ya ubongo na fuvu, na hiyo inatibika.

MwambaoCapripoint
Asante sana daktari. Na PET ya amiloidi je, ile picha inayopigwa kwa dawa ya mionzi?

Dkt_Igoma
Hiyo inaonyesha amiloidi kweli, lakini si chembe nano, ni molekuli yenye florini-18, inayotoa mionzi. Nguvu yake hupungua nusu kila dakika 110. Ikichukua dakika 220 kutoka inapotengenezwa hadi kwa mgonjwa, imebaki robo. Ndiyo maana mgonjwa ndiye anayesafiri kwenda karibu na inapotengenezwa. Isitoshe, wazee wengi wenye akili timamu wana amiloidi, hivyo jibu la "ipo" peke yake halisemi mzee ana Alzheimer. Kipimo cha damu kinacholinganisha p-tau217 (protini inayohusishwa na Alzheimer) na amiloidi kiliidhinishwa Marekani Mei 2025. Kwa watu wa kanda hii natarajia zaidi huko, maana mrija wa damu unasafirishika.

Radiografa_Kirumba
Kwa wenzangu mtakaopiga MRI ya mzee anayesahau: kontrasti haihitajiki mwanzoni. Anza na T1 ya pande tatu (picha inayoonyesha umbo la ubongo), milimita 1, kabla mzee hajachoka, maana inachukua dakika 5 au zaidi na akitikisika ndiyo inayoharibika kwanza. Jaza sponji pande zote mbili za kichwa ndani ya koili, kifaa kinachozunguka kichwa. Kata vipande vya koronali (vinavyotenganisha mbele na nyuma ya kichwa) vikiwa wima kwa urefu wa hipokampasi, sehemu ya ubongo ya kumbukumbu, la sivyo kusinyaa kutaonekana kukubwa au kudogo kuliko kulivyo. Kisha aina nyingine za picha: FLAIR, difyusheni na T2*.

Na muulize kila mgonjwa: umetundikiwa dripu ya chuma miezi mitatu iliyopita? Ferumoxytol, dawa ya upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo, yenyewe ni chembe nano. Inaweza kubadilisha picha za MRI kwa muda wote huo, na asiyejua anaweza kuandika ugonjwa usiokuwepo. Akijibu ndiyo, andika tarehe na dozi juu ya fomu kabla hajalala kitandani.